Mgonjwa wa Kukodiwa

Mzee Chumvi hakuwa amekohoa mwaka mzima, na ndiyo sababu alipewa kazi ya kukohoa.

Aliyempa ni mpwa wake, mkaguzi wa maduka ya dawa.

"Mjomba, ingia, sema una kikohozi, omba antibiotiki. Wakikuuzia bila cheti cha daktari, niambie. Wakikataa, niambie pia. Usiongeze neno."

"Hata salamu?"

"Salamu ruksa. Chumvi, hapana."

Kumwambia hivyo dalali mstaafu, mtu aliyewahi kunadi kiti cha miguu mitatu akikisifu kwamba kinafukuza wageni wasiotaka kuondoka! Lakini aliapa.

Katika duka la kwanza, muuzaji alimpa vidonge macho yakiwa kwenye simu. La pili walimkatia nusu dozi kwa mkasi, kama wanakata kitambaa. Hao aliwasema kwa mpwa wake bila kupepesa.

La tatu alikuwepo mfamasia mwenyewe, mama wa makamo, koti jeupe vifungo vyote vimefungwa.

"Kikohozi tangu lini, babu? Una homa? Unatumia dawa gani nyingine?" Akamtazama anavyopumua. "Hiki hakihitaji antibiotiki. Pumzika, kunywa maji. Kikizidi nenda kituo cha afya. Bila cheti siuzi."

Hapo angeaga, na mama wa watu angekuwa amefaulu. Lakini Chumvi hakuwahi kukataliwa mali yake mnadani. Ulimi ukamwasha.

"Si yangu, mwanangu. Ni ya mke wangu, yuko kitandani hawezi kunyanyuka. Cheti tulikuwa nacho. Kimeliwa na mbuzi."

"Mbuzi?"

"Wa jirani. Na sasa huyo mbuzi ana afya kuliko mke wangu."

Mfamasia akataka kucheka, ila machozi yalikuwa yameshamtoka mzee, tena ya kweli, hata mwenyewe akashangaa. Mama akatazama mlangoni. Akauliza kama bibi ana mzio wa dawa yoyote, akatoa dozi kamili, akaandika maelezo kwa herufi kubwa za macho ya kizee, akachukua namba yake ya simu.

"Nimefanya kwa ajili ya bibi tu. Mkaguzi akijua, leseni yangu imekwenda."

Jioni simu ililia, mkewe akawahi kupokea. Alikuwa mfamasia, akiulizia hali ya bibi.

"Bibi gani? Bibi ndiye mimi, nafua mashuka!" Akaziba simu kwa kiganja. "Umeniua tena, wewe mwanamume?"

"Safari hii ni kuumwa tu."

Akaipokea simu, akaeleza yote, hadi habari ya mpwa wake. Mfamasia hakufoka.

"Vidonge hivyo usivimeze," alisema. "Wala usinirudishie, siruhusiwi kumpa mtu mwingine." Akakata.

Usiku ule akampigia mpwa wake.

"La tatu waliuza. Lakini huyo mama alikataa kwanza. Mimi ndiye niliyemlilia."

"Kulia kulikuwemo kwenye maagizo?"

"Hakukuwemo."

"Basi leseni haitaguswa. Onyo atapata, maana ameuza. Na wewe, mjomba, ukae nyumbani."

Chumvi alikwenda dukani kwa mfamasia kuomba radhi. Mbele yake dirishani alisimama mwanamke aliyelowa.

"Mume wangu hawezi kunyanyuka, dada. Cheti kimelowa mvua, tazama, hakisomeki."

Mfamasia akafungua kinywa kuuliza jambo. Kisha, juu ya bega la yule mwanamke, akamwona Chumvi. Akakifunga.

"Bila cheti siuzi. Anayefuata."

Hakuuliza homa, hakuuliza tangu lini. Anayefuata alikuwa Chumvi, lakini radhi aliyoiandaa njia nzima akaiacha hapo hapo. Akageuka, akamkimbilia yule mwanamke barabarani.

"Mama, unakaa wapi? Twende tumbebe mgonjwa, tumfikishe kituo cha afya."

Mwanamke akampima juu hadi chini. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mbuzi," akasema Chumvi, akamwomba atangulie kuonyesha njia.