Kilio Kisicho na Jina

Nilikuwa nafuta honi ya lori kwenye rekodi ya gitaa la Hezron. Studio yangu iko nyuma ya duka letu la spea, pembeni kabisa mwa foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kuta nimezivika magodoro na trei za mayai, lakini honi huingia tu. Ukiikata yote, unakata na gitaa. Kwa hiyo unaipunguza kidogo, unasikiliza, unapunguza tena.

Wimbo wenyewe ulikuwa "Buti Zirudi", wa kwanza kwa bendi yao. Hezron anapiga gitaa na kuimba, Aliko besi, Tabita ngoma. Wanapiga roki, muziki usio na wapigaji wengi hapa Tunduma, na wimbo unapinga vita. Hautaji nchi. Unasema tu kwamba buti zilizotoka nyumbani zikiwa na mtu ndani, zirudi na mtu ndani. Osea, kaka yake Tabita, ni mwanajeshi, na wakati ule alikuwa Kongo kwenye kikosi cha kulinda amani. Redio moja ya Vwawa ilikuwa imekubali kuupiga Jumamosi.

Hezron na Aliko walikuwa wamekaa nyuma yangu Tabita alipoingia na mama yake kutoka Hasamba. Nikasimama, nikamwamkia, nikampa kiti changu.

"Sufiani, mwanangu, nipigie huo wimbo," akasema Mama Osea.

Nikaupiga. Gitaa lilipoanza akanitazama. "Hiki chombo kinaumwa?"

"Ndivyo roki ilivyo, mama," Hezron akasema.

"Basi poleni."

Baada ya ubeti wa kwanza muziki unashuka, na kilio cha mwanamke kinaanza mbali, kinasogea. Tabita alikirekodi kwa simu mwaka jana, wifi wa mama yake, Fortunata, alipofariki. Kwao Hasamba mwanamke anayekwenda msibani huanza kulia akiwa bado njiani, akiliita jina la marehemu mpaka afike mlangoni. Sisi jina tulilikata. Tuliona ni heshima, marehemu asigeuzwe wimbo.

"Huyo ni mimi," Mama Osea akasema.

"Najua, mama," nikasema. "Nilidhani Tabita alikuomba ruhusa."

Tabita akatazama chini. "Nilitaka kwanza wimbo uishe ndiyo nimsikilizishe mama. Nikamtumia Osea."

"Na Osea akanipigia mimi," mama yake akasema. "Salamu hakuna. Mama, nani amekufa? Nikamwambia ni kile kilio cha shangazi yako, na wewe ulituma rambirambi. Akasema, shangazi ulimwita kwa jina, hapa mbona humwiti mtu?" Akaigeukia spika. "Na hana kosa. Kilio kisicho na jina kinatafuta mtu. Akaniambia, nipe baba niongee naye."

"Si ungempa tu?" Aliko akauliza.

"Baba yake yuko Ibaba kwa dada yake, wanavuna viazi. Simu huko haishiki. Nikamwambia hivyo hivyo."

Huku kwetu mtu aliye mbali haelezwi msiba kwa simu. Anaambiwa baba amesafiri, simu haishiki, wewe njoo tu. Mama Osea alikuwa amesema kweli tupu, na kweli hiyo ilifanana neno kwa neno na uongo ambao kila mtu anaujua.

"Jana ameniandikia," Tabita akasema. "Ameomba ruhusa. Asipopewa, ataondoka hivyo hivyo."

"Watamfunga," mama yake akasema. "Kama hatakufa njiani."

Hezron akajikuna kichwa. "Tukilirudisha jina, je? Atajua ni msiba wa zamani."

"Fortunata ameacha watoto. Unataka wamsikie mama yao akililiwa redioni?"

Mama Osea akanigeukia.

"Kitoe," akaniambia.

Nikakitoa, nikaurudia wimbo tangu mwanzo. Mahali pale palibaki ngoma peke yake. Tabita alikuwa amekataa kufuata mdundo wa kompyuta siku tuliporekodi. Alifuata pumzi za mama yake: alipotembea haraka ngoma ilikwenda haraka, aliposimama kuvuta pumzi ikasita.

"Bado nalia," Mama Osea akasema. "Hiyo ngoma bado inakwenda msibani."

Nikasikiliza tena. Ilikuwa hivyo.

"Hapo ni kurudia ngoma," Hezron akasema, "na besi, na gitaa. Jumamosi hiyo imeshakwenda." Akamgeukia Tabita. "Siku zote unapiga kama unatwanga mahindi. Siku moja umepiga vizuri, ndiyo hiyo tunaifuta."

Tabita akacheka kidogo. Mama yake hakucheka, lakini alimtazama Hezron kwa upole. Hezron akatoka nje kuwapigia watu wa redio.

"Mzee anashuka kesho kwa barabara ya Isongole," Mama Osea akaniambia. "Nimempa ujumbe dereva anayekwenda huko. Simu yangu ni ya tochi, ya Tabita ndiyo inayoonyesha uso. Nitamleta hapa, Osea amwone."

Tabita alikwisha kukaa kwenye ngoma. Nikamvalisha vipokea sauti, nikamwekea mdundo wa kompyuta. Ubeti wa kwanza ulikwenda sawa. Alipofika mahali pa kilio akaongeza mwendo, kisha akasita. Akaomba kurudia. Mara ya pili akasita palepale, na mara ya tatu pia. Alitaka ya nne.

"Acha," mama yake akasema. "Mpaka kaka yako amwone baba."

Tabita akaweka fimbo chini, akazifunika ngoma kwa kanga aliyokuja nayo mama yake. Hezron alirudi, akasema redio wamekubali kusubiri, lakini hawakumwambia mpaka lini. Nikahifadhi ubeti wa kwanza, nikazima kompyuta. Honi ya lori sikuwa nimeimaliza.