Alichosikia Mume Wangu

Kreti la soda lilitua mezani, juu ya vitambaa vya wateja wangu, na mume wangu akachungulia dirishani kuwatangazia majirani. "Mke wangu hana sukari!"

Nilikuwa sijavua hata viatu. Asubuhi ile daktari alikuwa ameniambia, "Mama, huna kisukari bado. Lakini sukari imepanda, umeshafika mlangoni. Punguza vitamu na wanga, tembea kila siku, mwili upungue kidogo. Unaweza kurudi nyuma." Mume wangu, tuliyekaa naye benchi moja, alisikia "huna". Lile "bado" liliingia sikio hili likatokea lile.

Baba yangu naye aliwahi kuambiwa bado. Tulichinja kuku, tukafurahi. Alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyenipa kazi hii mkononi. Baadaye nikawa namtungia uzi kwenye sindano, na mwisho hakuona hata sindano yenyewe. Basi nikalibeba kreti lile nikalirudisha dukani, chupa zikigongana njia nzima, na aliyenisalimia sikumwitikia.

Hasira ndiyo iliyonitembeza. Kila alfajiri nilizunguka mtaa kabla ya kufungua cherehani. Wali nikausogeza pembeni ya sahani, mboga na maharage yakakaa katikati. Chai nikainywa bila sukari, chungu kama dawa. Siku moja nikaonja kikombe changu nikakuta utamu. Mume wangu alikuwa amenitilia kijiko kisirisiri, eti ananihurumia! Nilikimwaga chote sakafuni, nikamwachia apige deki.

Nilipoanza kupungua, wifi yangu akaja mbio.

"Wifi, umekonda kama ng'onda! Watu watasema kaka yangu hakulishi."

"Waambie ananilisha mno. Hilo ndilo tatizo."

Alinuna, akaondoka bila kuaga. Sikumfuata.

Mwaka ulipogeuka tukarudi kwa daktari. Akatazama majibu, akanipa mkono. Sukari ilikuwa imeshuka, nimeondoka mlangoni. Nilitaka kulia.

"Si nilisema?" mume wangu akadakia. "Hakuwa na kitu tangu mwanzo! Kujitesa bure tu."

Bure! Nilitamani kumtafuna mbichi. Nikamgeukia nimpe yake, nikamkuta anamalizia chupa ya maji, ya pili tangu tufike, na wala hapakuwa na joto. Usiku nao alikuwa akiniamsha kila mara akienda msalani. Kiu ile niliijua. Niliishi nayo nyumba moja nikiwa binti wa baba yangu.

"Daktari," nikasema, "mpime na huyu."

"Mimi? Mimi mzima!" Akacheka, akaingiza mikono yote miwili mifukoni.

Nikauchomoa mmoja kwa nguvu zile zile nilizokuwa nimemwekea za kumpiga, nikaukunjua kiganja juu ya meza. Akajaribu kuuvuta. Sikuuachia.