Mikono ya Jumapili

Jumapili baada ya chakula cha mchana, mikono ilianza kutoka redioni kama kawaida. Muthoki alikuwa ametoka kuanika nguo, akaketi kitandani kusikiliza kipindi cha salamu. Mtangazaji alipotaja jina la anayesalimiwa, mkono wa anayesalimu ulichomoza kwenye redio ya mwenye jina, kuanzia vidole hadi kifundo, ukangoja kushikwa naye. Ukishikwa, ulirudi ulikotoka. Usiposhikwa, ulibaki.

Ploti yao ya vyumba vya kupanga, mtaani Mowlem, Nairobi, ilikuwa na bomba moja na redio karibu kila chumba, lakini wenye redio walikuwa na shughuli. Wengine walikuwa kanisani, wengine ovataimu viwandani, wengine wameacha redio iongee ili wezi wadhani kuna mtu. Mikono iliyochoka kungoja ilijipenyeza chini ya milango, ikakusanyika bombani, na jioni Waruguru, keateka aliyeiangalia ploti, alipita akifoka.

"Nimesema mikono isikae hapa! Watoto wanaichezea kalongo, eti ni baba na mama!"

Muthoki aliiokota. Mtu hawezi kuacha mkono wa mwenzake kwenye matope, na mwaka ule wa mvua ya El Nino matope hayakuwa na mwisho. Aliiosha kwa maji ya vuguvugu, akaipaka mafuta, akailaza upande wa kitanda uliokuwa hauna mtu. Mkono wa kumsalimu yeye hakuwahi kuuona. Alikuwa karani katika kampuni ya sabuni, mpangaji wa miaka mitatu, na pale bombani walimwita "yule wa namba sita".

Jumapili hiyo mtangazaji alisoma: "Mama Nasike wa Funyula anamsalimu mwanawe Wandera, popote alipo Nairobi. Ujumbe wake: mwanangu, kifua kimenishika, njoo nikuone."

Wandera hakuwa wa kutafutwa popote. Alikuwa namba saba, na kati yake na Muthoki palikuwa na ukuta wa ubao tu. Muthoki alikijua kikohozi chake. Alijua anavyogonga mwiko kwenye sufuria akimaliza kusonga ugali. Hawakuwa wamewahi kuamkuana.

Muthoki aliukuta mkono wa mama huyo nje ya namba saba iliyofungwa kufuli, ukiwa mkavu, wenye harufu ya moshi na kovu kwenye kidole gumba. Akauingiza ndani, akaupakata. Vidole havikumshika. Vilikaa tu, kama mgeni aliyepotea nyumba. Akaona unapoa. Mkono hupoa nguvu za mwenyewe zikipungua, na hilo hakuna asiyelijua.

Kesho yake jioni alifanya mazoezi ya maneno ya kumwambia Wandera huku akikaanga kitunguu, kitunguu kikaungua. Halafu akaenda kubisha.

"Nani?"

"Ni Muthoki. Wa hapa ukutani."

Wandera alifungua nusu, macho yakiwa bado kwenye televisheni. "Sasa?"

"Salama. Kuna mkono wako."

"Wa nani?"

"Wa mama. Unapoa."

"Ah, huyo ananisalimianga kila wakati." Kwenye televisheni mchezaji akapiga shuti, likatoka nje, Wandera akasonya. "Niwekee tu hapo juu ya TV, sista. Gemu ikiisha nitaushika."

Muthoki alitaka kumwambia aushike sasa. Maneno ya kitunguu hayakuwa yamefika hapo. Akauweka mkono juu ya televisheni, akaufunika kwa kitambaa cha kufuma, akaondoka.

Televisheni ya Wandera ilikuwa ya zamani, inayochemka kama jiko. Kila aliporudi kutoka kazini aliiwasha, na kila alipokumbuka, aligusa mkono wa mama yake akaukuta moto kabisa. "Yuko sawa," Muthoki alimsikia akijisemea. "Jumamosi nikilipwa nitaushika vizuri."

Alhamisi jioni stima ikapotea Mowlem nzima, taa zikazimika na televisheni zikapoa. Kila mtu akawasha mshumaa. Ng'ambo ya ubao Muthoki alisikia kiti kikisogezwa, kisha Wandera akimwita mama yake kwa jina la utotoni, lile ambalo mtu mzima haliiti mbele za watu. Muthoki alisimama akaweka kiganja kwenye ubao. Hakubisha. Alidhani pengine hapendi kusumbuliwa.

Barabara ya kwenda kwao magharibi ilikuwa imekatwa na maji. Wandera alifika Funyula kaburi limeshafukiwa. Mkono alisafiri nao ndani ya begi, akauzika peke yake pembeni mwa kaburi.

Aliporudi, mikono iliendelea kukusanyika bombani na Waruguru akaendelea kufoka. Muthoki aliokota yake ya wiki, akaosha, akapaka mafuta. Kisha, Jumapili moja ya mwezi uliofuata, mtangazaji akasoma: "Wandera wa Mowlem, Nairobi, anamsalimu jirani yake Muthoki, popote alipo. Ujumbe wake: asante kwa ule mkono."

Mkono ukatoka. Ulikuwa na grisi kwenye kucha na ulikuwa moto wa kutosha. Muthoki alijifuta viganja kwenye leso, akaushika. Vidole vikamshika pia. Ng'ambo ya ubao Wandera alikohoa kidogo, kama mtu aliyeitikiwa, akapunguza sauti ya redio.

Asubuhi walikutana bombani. Wandera alitazama ndoo yake, Muthoki akatazama yake. Maji yalikuwa yakidondoka tone kwa tone, kwa hiyo walisimama pale muda mrefu sana.