Sehemu Isiyofungwa

Mwandishi wa miongozo ya mitambo hakuwa na mchezo na wenzake wanaosahau alama. Kompyuta haikisii, alikuwa akiwafokea. Ukiruka mstari mmoja ukauacha mtupu, inajua aya imekwisha. Sehemu ni jambo jingine: haiishi mpaka uifunge kwa alama yake, au ikutane na kichwa kipya. Usipoifunga, inameza kinachofuata.

Asubuhi hiyo mkuu wake alimletea mgeni, mjane wa fundi wa mashine ya kufulia mashuka hospitalini. Mumewe alifungua mlango wa mashine, mvuke ukamuunguza, akafa siku ya tatu. Kampuni yao, iliyotengeneza mashine hiyo, ilishaandika kwamba marehemu alipuuza onyo la kwenye mwongozo. Mjane hakuja kugombana. Alitaka kuonyeshwa hilo onyo, maana wanawe walishaanza kuambiwa shuleni kuwa baba yao alijiua kwa uzembe.

"Lipo, mama," mwandishi alisema, na kweli kwenye skrini lilikuwepo: mvuke utoke wote kwanza.

Mjane akatoa nakala ya mwongozo aliyoitumia marehemu, kurasa zimelegea kwa kushikwashikwa. Mwandishi akaipekua haraka, kisha akairudia kwa kidole. Baada ya hatua ya sita ilikuja ya saba, fungua mlango. Katikati hapakuwa na kitu.

Akarudi kwenye faili. Juu ya onyo kulikuwa na aya ya mafundi wa kiwandani tu, sehemu ambayo kompyuta huiondoa kwenye nakala za wateja. Aliifungua yeye mwenyewe. Mwishoni aliruka mstari, alama ya kufunga hakuiweka, na onyo likaondolewa pamoja na sehemu hiyo hadi kwenye kichwa cha hatua ya saba. Hakuna aliyegundua, kwa sababu ofisini kila mtu hukagua nakala ya ndani, yenye kila kitu. Ya mteja hawaisomi.

Mkuu, aliyesimama nyuma ya mjane, alikuwa ameona uso wa mwandishi ulivyobadilika. Akamkata jicho anyamaze.

"Alikuwa akiusoma kila siku kabla ya kuwasha," mjane alisema. "Mpaka nikawa namcheka. Niambie tu, dada, aliruka wapi?"

Mwandishi aliona aibu hata kumtazama.

"Hakuruka popote, mama. Alifuata nilivyoandika."