Mtama wa Nchi Gani

Asekon hakutaka kiti alichopewa katika ofisi ya ununuzi. Alikuwa ameamka alfajiri katika nyumba ya wageni ya Nawoitorong, na sasa fomu ya kikundi chake cha kina mama wakulima wa Katilu ilikuwa imekataliwa mbele ya macho yake. Zabuni ingefungwa saa sita. Ilikuwa saa tano na nusu.

Magunia mia na ishirini ya mtama! Miaka nenda miaka rudi uliliwa na fukusi ghalani, kwa sababu nafaka ya ng'ambo ilifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa bei ya kutupa. Serikali za huko huwalipa wakulima wao, kanuni za biashara ya dunia zinaruhusu, halafu mwanamke wa bonde la mto Turkwel aambiwe ashindane nao kwa jembe. Hata haya hawaoni. Lakini mwaka huu nchi kubwa zilizuia nafaka yao isitoke, meli hazikuja, na shirika la misaada la hapa Lodwar likatangaza kununua nafaka ya Kenya tu.

Afisa wa ununuzi, mgeni kutoka Nairobi, alimwonyesha kosa kwa ncha ya kalamu. Penye nafasi ya nchi ambako mtama ulilimwa, Asekon alikuwa ameandika TURKANA.

“Kompyuta haijui nchi hiyo, mama. Imekuweka na wa nje.”

“Kenya si iko kule Kitale?” Asekon aliuliza. Kwao, anayesafiri kwenda Kitale huaga kwamba anaenda Kenya, na hakuna anayeshangaa.

Afisa alicheka mpaka akavua miwani, kisha akamsukumia kalamu. Asekon akaifuta TURKANA kwa mstari mmoja, roho ikimuuma kidogo, akaandika KENYA. Zikabaki dakika kumi na mbili.

Zabuni ikawa yao! Wiki ya pili lori likaingia Kakuma, Asekon juu ya magunia akiimba mpaka sauti ikamkauka. Adau, mkimbizi Mdinka anayepikia watoto uji katika shule ya kambini, hakuimba. Tangu mgao wa chakula ukatwe, alikuwa akipika maji yenye rangi ya uji. Alifungua gunia, akatia mkono hadi kiwiko, akanusa.

“Hii hapana nuka meli,” alisema.

Asekon alitaka kucheka, lakini hofu ikamshika. Alimuuliza meli zikirudi na bei yao ya kutupa itakuwaje.

Adau alikuwa tayari anachota mtama wa kusaga.

“Ikikuja,” alisema, “ikute watoto wameshiba.”