Moshi wa Kufukuza Nzi

"Enyi wenye kilima, adui yumo mlangoni! Kila asubuhi wageni huwasha moshi, jeshi likiitana kilima hadi kilima, na mikuki wameifukia mazizini. Tusipowatoa leo, kesho watatuzika."

Barua hiyo tukufu ilisomwa barazani, juu ya Kirotshe, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, mwaka wa 1951. Msomaji alikuwa Papa Barthélemy, mtu aliyependa kuonekana na karatasi kubwa mkononi. Kidole gumba chake hakikubanduka kwenye mstari wa mwisho, nao haukusomwa. Wakati huohuo adui mwenyewe alikuwa amepiga magoti zizini, akipuliza kinyesi cha ng'ombe.

Kanyamibwa alirundika majani mabichi juu ya kinyesi kikavu, kama baba yake alivyofanya Rwanda, mpaka moshi ukawa mzito. Gaju, ng'ombe wake wa pekee, akaingiza pua humo, na nzi wakamwachia macho. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Kanyamibwa aliikimbia njaa ya mwaka wa arobaini na tatu akazika watoto wawili njiani. Alimngoja ndama huyo kama mtu anavyongoja mjukuu.

Wanaume kumi wakapanda na mapanga na marungu, Barthélemy mbele.

"Mikuki iko wapi?"

"Mikuki gani, Papa? Huu moshi njo wa kufukuza nzi."

"Unafukuza nzi ao unaita bandugu yako?"

"Papa Barthélemy," alisema Mukamurenzi, mkewe, "mujukuu yako alikunywa maziwa ya huyu ng'ombe miezi mbili. Alikunywa mukuki?"

Mmoja alicheka. Barthélemy alimwona, na ndipo akapiga. Rungu la kwanza lilivunja mkono wa Kanyamibwa, la pili likampata mdomoni, akatema jino ndani ya moto wake mwenyewe. Walimkanyaga mbavu. Walichimba zizi lote, wakapata jembe bovu. Hasira ya kukosa mikuki ikamwangukia Gaju: panga lilipita nyuma ya goti lake, naye akapiga magoti kama bwana wake alivyokuwa amepiga. La pili lilipita tumboni. Ndama alitoka akiwa na kwato laini, akapumua mara mbili.

Barua ilimponyoka Barthélemy, ikaanguka humo damuni.

Siku ya nne, Kanyamibwa, mkono umefungwa kwa magome ya mgomba, aliteremka na barua ile kwa mwanafunzi mmoja wa bweni aliyekuwa likizoni, kijana maarufu kwa mizaha na kwa mwandiko mzuri.

"Unisomee, kaka. Nataka kujua niliharibu nini."

Mwanafunzi alikohoa kidogo. Akasoma kwa sauti ya misa, haraka, bila kukwama, mpaka kwenye sahihi: "Mimi, Jenerali Mkia wa Ng'ombe."

Kanyamibwa hakucheka. Aliitazama karatasi. Nusu yake ya chini ilikuwa bado imekunjwa, imegandishwa na damu.

"Kaka," alisema polepole, "pale hujafungua."

Msimulizi wenu angependa kusema kwamba mwanafunzi huyo alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mimi. Niliiandika kwa kumcheka Barthélemy, nikaitupa mlangoni kwake, nikijua sahihi itawavunja mbavu watu wa baraza.

"Ni mimi, Papa," nilisema.

Nzi akatua juu ya damu ya karatasi, akasugua miguu yake. Tulimtazama wote wawili.