Amri za Mzee Vogt

Mimi si mtu wa kucheka na mzee aliyepotewa na akili. Garama, bawabu wetu hapa Mayungu, kusini mwa Malindi, yeye aliona ni tamasha. Mzee Vogt ana miaka tisini na tisa. Ujanani alikuwa askari wa kikosi cha vifaru vya Wajerumani, na sasa vita vimemrudia. Kila asubuhi mimi mtunzaji wake nikishamkalisha barazani, yeye humwita Garama "Koplo", kwa Kiswahili alichokipata hapa Malindi. Garama hupiga mguu chini, mkono kipajini: "Ndiyo, afande!"

"Uache mchezo huo," nilimwambia.

"Dada Kahonzi, mzee habishiwi. Nikimwitikia napungukiwa nini?"

Mwanzo amri zilikuwa za kuchekesha: linda mnazi ule, zuia lori la maji. Kisha siku moja, nikimlisha uji, mzee akanisimulia jinsi kikosi chao kilivyorudi nyuma kule Urusi. Kila kijiji walichokiacha walikitia moto, wanakijiji wakiwa ndani ya nyumba. Alisimulia huku akitaka sukari zaidi. Siku hiyohiyo nilificha viberiti, na petroli ya jenereta nikaifungia stoo.

Jumatatu majogoo waliwika ng'ambo ya ua, nyumbani kwa Nyevu, mamake Garama. Macho ya mzee ni hafifu lakini masikio mazima. Akanyoosha kidole huko.

"Koplo, kuna nyumba pale. Choma."

"Ndiyo, afande!" Garama akazunguka nyuma, akanywa chai yake, akarudi. "Tayari, afande."

"Na waliokuwamo?"

"Wote, afande," akasema akinikonyeza.

"Vizuri." Mzee akafumba macho, akalala fofofo.

Garama alicheka peke yake. Mimi niliona wazi kwamba mtu huyu aliwahi kuletewa jibu hilo, tena la kweli, akalala vivyo hivyo.

Alasiri Nyevu akatuletea madafu, kama kawaida yake. Akapanda barazani. "Shikamoo, mzee."

Mzee aliisikiliza sauti ile, akamgeukia Garama.

"Koplo, huyu amebaki. Mmalize."

Garama alikuwa ameshika rungu lake la ubawabu. Mguu ukapiga sakafu kabla hajafikiri.

"Ndiyo, afande!"

Madafu yalimponyoka Nyevu. Garama alitaka kucheka, kicheko kikakataa kuja. Mamake alilitazama rungu, kisha akamtazama yeye usoni.

"Ndiyo nini, mwanangu?" aliuliza, huku akirudi kinyumenyume.